Nalisikia Dari, Shairi Silisikii

Mpiga besi ndiye mtu wa mwisho kusifiwa kwenye bendi. Mwimbaji hutuzwa, wa kinanda hutajwa, mpiga tabla akichanganya mikono hupigiwa vigelegele. Wa besi husimama nyuma karibu na ukuta, na watu humkumbuka siku ambayo hakuja. Ndiyo maana akipata visenti, jambo la kwanza linalomjia ni kuongeza nguvu. Kijana ninayemsimulia hapa, wa Langoni kisiwani Lamu, si mtu mmoja. Nimemuunda kwa mfano wa wengi, na ukienda Langoni kumuulizia hutampata. Makosa yake lakini ni ya kweli, na hakuna hata moja ambalo mafundi wa ampu hawajaletewa mezani.

Bendi yao ilikuwa ya harusi, kama zilivyo nyingi za pwani: kinanda, udi, tabla, dumbaki, waimbaji wawili na besi. Mkubwa wao alikuwa mpiga udi, nduguye babake kijana, kwa hiyo kijana alimwita ami, na bendi nzima ikamwita ami vilevile. Kwa miaka kijana alipigia ampu ya wati 100, ile ambayo mashine na spika zimo ndani ya boksi moja, unaingia nayo mashuani bila kuomba msaada. Haikuwa na makuu. Ukiipandisha kupita nusu ilianza kukwaruza, naye akajua amefika mwisho wake.

Kisha akapata kichwa. Kichwa cha ampu ni mashine peke yake, haina spika. Spika utajitafutia mwenyewe, na hapo ndipo balaa huingilia. Hiki kilikuwa cha mtumba kutoka Marekani, kilichoshukia Mombasa, kizito kama kilo 20 kwa ajili ya transfoma iliyomo ndani. Nyuma kiliandikwa wati 800 kwa omu 4, wati 450 kwa omu 8. Muuzaji alimsomea ile 800 na akaishia hapo.

Jambo moja alilifanya sawasawa, tumpe haki yake. Stima ya Marekani ni volti 120, ya Kenya ni 240, na mashine iliyozoea ya kwao ukiichomeka kwenye ukuta wetu hufa kabla hujaondoa mkono kwenye swichi. Alitafuta fundi, wakakuta nyuma pana kitufe cha kuchagua volti, wakakigeuza na kutia fyuzi inayofaa. Basi likakifikisha Mokowe, mashua ikakivusha, na kutoka gatini kikapanda punda hadi Langoni. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa na habari.

Ukubwa wa namna hii haukuzuka tu. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ya Marekani ilitoa SVT, kichwa cha valvu cha wati 300, na mwaka uleule The Rolling Stones wakazunguka nacho Marekani. Kilitengenezwa kwa ajili ya viwanja na kumbi ambako maelfu ya vijana walikuwa wakipiga mayowe na ampu za awali zimezidiwa. Kichwa kile peke yake kilikaribia kilo 39, na boksi lake la spika nane za inchi 10 ni la kubebwa na watu wawili. Nadhani uzito ule ulikuwa na faida yake: mtu aliyekipandisha ngazi alikuwa na muda wa kutosha wa kujiuliza kama anakihitaji. Siku hizi vipo vichwa vya wati kama zile, au zaidi, vyenye kilo 3 tu, na mnunuzi hatoki jasho hata tone kabla ya kuharibu kitu.

Huku kwetu besi ya umeme iliingia kwenye taarab kwa mlango mwingine. Bendi za Tanga, Black Star na Lucky Star, katika miaka ya 1960 na 1970, ndizo zilizoleta magita na besi kwenye muziki uliozoea udi na fidla, na sauti ya mwimbaji Shakila ikapita juu yake bila kusukumana na mtu. Besi ile ilitembea chini ya maneno. Na Lamu ni mji wa maneno kuliko Tanga. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyefanya makao Mombasa, alijenga jina kwa udi na kwa mashairi, akishirikiana na Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi mzaliwa wa Matondoni. Mtu wa Lamu akialikwa taarab huenda kusikiliza nani kasemwa na kasemwaje. Fumbo lisiposikika, kilichobaki ni ngoma, na ngoma zipo nyingi wala hazihitaji kadi ya mwaliko.

Hesabu ambayo muuzaji hakuigusa ni hii. Sikio halihesabu wati kama mfuko unavyohesabu shilingi. Ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 zaidi, tofauti ambayo inasikika lakini haishtui. Ili msikilizaji aseme sauti imekuwa kubwa mara mbili, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani wati mara 10. Kutoka 100 hadi 800 ni desibeli 9. Kwa hiyo kijana aliongeza wati mara nane ili asikike karibu mara mbili. Tena boksi la spika linalotoa desibeli 100 kwa wati moja, likilinganishwa na la desibeli 97, ni sawa na kuzidisha ampu mara mbili bila kununua ampu; lakini hakuna anayesimama gatini kulipokea boksi kwa shangwe.

Sisemi nguvu ile ilikuwa ya bure. Wapigaji wenye busara hununua wati nyingi ili wasizitumie. Kidole kinapokwanyua waya, kuna mshtuko wa mwanzo unaodai nguvu nyingi kwa nukta ndogo, na ampu yenye akiba huupitisha ukiwa safi, ilhali ndogo huukata kichwa na kutoa mkwaruzo. Akiba ndiyo inayonunuliwa. Kijana wetu aliiona akiba ile akadhani ni deni ambalo lazima alitumie lote kabla ya alfajiri.

Harusi ya kwanza ya kichwa kile ilikuwa Mkomani, kwenye nyumba ya kale ya mawe. Asiyezijua nyumba hizi azifikirie hivi: pana kiwanda kilicho wazi juu, na ubavuni mwake vyumba vinavyofuatana kwenda ndani, msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani penyewe. Vyumba ni virefu sana lakini vyembamba, chini ya mita 3, kwa sababu dari hukalia boriti za mikoko na boriti hazifiki mbali zaidi ya hapo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene za kutosha mtu kulala usingizi mchana wa kaskazi. Ukuta wa ndani kabisa una zidaka, safu juu ya safu, na kwenye zidaka hupangwa sahani za kaure walizoachiwa wenyeji na wakubwa wao.

Bendi ikakaa kiwandani, wanawake wakajaa misana. Kijana akaunganisha kichwa na boksi lake jipya la inchi 15, akalisukuma pembeni kabisa, kwenye kona ya kuta mbili, lisimzuie mtu kupita. Kona huiongezea besi nguvu, hata kabla hujagusa kitufe, hilo hakulijua. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ulikuwa na noti ya B, ile ya freti ya pili kwenye waya wa A, na ilikuwa ikirudi kila baada ya mapigo manne. Noti hiyo ina karibu hezi 62. Sasa chukua chumba chenye upana wa mita 2.8: sauti inayokwenda ukuta huu na kurudi ukuta ule ikajikuta palepale ilipoanzia, ikajiongeza yenyewe, ni ya hezi 61. Yaani mafundi wa kale wa Mkomani, wakipima boriti zao, walijenga nyumba inayoipenda B ya gita la besi kuliko noti nyingine zote.

Kwa hiyo noti nyingine zilibaki za kawaida na ile moja ikafura. Sahani zikaanza kuitikia. Kwanza ilikuwa moja ya safu ya chini, ikitetemeka juu ya chokaa na kusogea kidogo kidogo kuja ukingoni; kisha safu nzima ikaanza kugongana. Mama mmoja akainuka akaishika kwa viganja viwili. Mwenzake akashika mbili nyingine. Ubeti wa tatu ulipofika kulikuwa na wanawake wanne wamesimama mbele ya zidaka, wamegeuzia harusi migongo, wakizuia kaure za watu zisivunjike. Kutoka kiwandani kijana aliwaona wamesimama, akadhani wimbo umewapanda. Akaongeza.

Ubeti ule wa tatu ndio uliobeba fumbo. Mwimbaji alikuwa ameutunza kwa ajili ya mtu aliyekuwa humohumo ndani ya nyumba, na usiku mwingine wowote watu wangejipanga kumtuza. Hakuja hata mmoja. Mwimbaji akarudia, akafinya macho, akarudia tena. Besi kubwa ina tabia mbaya: sauti nzito ikizidi hufunika nyembamba zilizo juu yake, na maneno yetu hukaa kwenye zile nyembamba, kwenye s na t na k na ch. Irabu zilifika misanani. Konsonanti zilibaki kiwandani. Watu wakasikia mwanamke analalamika a na e na o, wasijue analalamikia nini.

Bibi mzaa mama wa bi harusi akatuma mtoto amwite ami mlangoni.

“Mwanangu,” akamwambia, “nalisikia dari, shairi silisikii.”

Ami akaja nyuma, akainama sikioni mwa kijana, kijana akapunguza. Wimbo mmoja ukapita, watu wawili wakaja kutuza, na katikati ya uliofuata kile kitufe kilikuwa kimerudi kilipokuwa. Kanuni za Kenya za kudhibiti kelele, za mwaka 2009, zinaruhusu desibeli 35 usiku kwenye makazi ya watu. Kwa kipimo hicho hata vigelegele ni kosa, na mimi sijaona harusi iliyosimamishwa kwa ajili ya vigelegele. Lakini kizuizi cha Lamu si mita, ni bibi aliyekaa ndani na akasema hasikii. Kijana alimsikia ami, bibi hakumsikia.

Walipokuwa wakifunga nyaya, alikuwa na maelezo tayari. “Ami, tatizo ni boksi moja. Sauti imebanwa. Tukiongeza maboksi itatulia.”

Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana ami hakupata la kumjibu. Spika zaidi huigawana kazi, kila moja ikahangaika kidogo. Ila kilichokuwa kimebanwa usiku ule kilikuwa koo la mwimbaji.

Mwisho wa kaskazi bendi ikaitwa Kizingitini, upande wa kaskazini-mashariki wa kisiwa cha Pate, kwa wavuvi wa kamba. Mashua ilingoja maji yajae ndipo ipite mlango-bahari wa Mkanda, na ndani yake kulikuwa na kichwa na maboksi matatu: lake mwenyewe na mawili ya kuazima, kila moja omu 8. Njiani alipiga hesabu kwa vidole. Nane, nane na nane ni 24. Kichwa kinataka angalau omu 4, hapa kina 24, basi kitafanya kazi kimekaa kitako.

Ni hesabu inayoua ampu nyingi. Maboksi yakiunganishwa kwa namna ya kawaida, moja likidakwa na jingine kwa kebo, omu hazijumlishwi, hugawanyika. Mawili ya omu 8 ni omu 4. Matatu ni 2.67. Manne ni 2. Omu ndizo zinazouzuia umeme usikimbie. Ukizipunguza umeufungulia mlango, na kichwa, ambacho hakina akili ya kukataa, kitatoa kilichoombwa mpaka kiungue. Kwa wati 800 na omu 4, kebo ya spika hupitisha karibu ampea 14. Kwa boksi la tatu, volti zilezile zinadai ampea 21.

Halafu kebo zenyewe. Kebo nene za spika alikuwa nazo mbili tu, akazitumia kuunganisha boksi kwa boksi. Kutoka kichwani hadi boksi la kwanza, pale ambapo mzigo wote hupita, akachomeka kebo ya gita. Plagi zinafanana, zinaingia bila kubishana. Ndani hazifanani hata kidogo: kebo ya gita ina uzi mwembamba katikati, umezungushiwa wavu wa kuzuia mivumo, na kazi yake ni kubeba ishara ndogo ya gita isiyofika hata volti chache. Kuupitishia umeme wa maboksi matatu ni kumtuma mtoto akabebe tangi.

Usiku ule stima ya mji ilikuwa imekatika na harusi ikategemea jenereta ndogo ya petroli iliyowekwa nyuma ya ukuta. Muziki ulipoanza, taa zilizotundikwa kwenye kamba zikaanza kukonyeza. Kila besi ilipopiga zilififia, ikinyamaza zikawaka. Vijana wakafurahi wakadhani ni madoido. Mwenye jenereta ndiye pekee aliyeelewa, akaja na tochi akizunguka kati ya viti: “Nani anaila stima yangu?”

Aliyejibu ni kebo. Kulikuwa na harufu ya plastiki, watu wakageukia jikoni kwa wapishi wa biriani. Kisha pakasikika mlio mkavu, pa, na kichwa kikazima taa yake nyekundu. Mpira wa kebo ya gita ulikuwa umeyeyuka, uzi na wavu vikagusana, na umeme ukarudi kwenye transista za ampu bila kupitia spika yoyote. Fyuzi ikakatika, kama inavyotakiwa.

Hapa kijana alikuwa na nafasi nzuri ya kuacha. Aliiona kebo iliyoungua, akaitoa, akatia nene badala yake, akabaki na maboksi mawili, ambayo kwa bahati yanafanya omu 4 kamili. Akafungua kikombe cha fyuzi. Ya akiba hakuwa nayo. Bi harusi alikuwa karibu kutolewa, mama yake amekwishatokeza mlangoni mara mbili, na pakiti ya sigara ilikuwa juu ya dumbaki. Kila anayepiga muziki Afrika Mashariki anajua kinachofuata: karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti, inakunjwa, inazungushwa kwenye fyuzi iliyokufa, inarudishwa mahali pake.

“Ngoja kwanza,” ami alisema.

“Dakika moja tu, ami.”

Kilichotoka hakikuwa noti. Ulikuwa mvumo mmoja mzito, na karatasi za spika zote mbili zikachomoza mbele kwa pamoja zikakaa hapohapo, hazitetemeki wala hazirudi. Transista zilizoungua zilikuwa zimebaki njia tupu, na volti zote za ndani ya kichwa zikamiminwa moja kwa moja kwenye koili za spika, umeme wa upande mmoja ambao spika haiwezi kuugeuza kuwa sauti, inaugeuza kuwa joto. Fyuzi ingezuia. Karatasi ya sigara haizuii kitu. Moshi mweupe ukatoka kwenye tundu la chini la boksi, na juu ya boksi, kiasi cha mkono kulifikia, kulikuwa na paa la makuti. Mwenye jenereta, Mungu amjalie, hakuuliza ruhusa. Akazima.

Hakuumia mtu. Wanawake wakaleta pembe na vijiti, wakaanza vugo gizani, na bi harusi akatoka kwa nyimbo ambazo zilikuwepo Kizingitini kabla ya stima. Bendi ilikaa kwenye mkeka ikala biriani.

Fundi aliyepelekewa kichwa kile Mombasa alifungua kikombe cha fyuzi kabla ya kufungua kitu kingine chochote, nao mafundi ndivyo wafanyavyo, kwa kuwa humo ndimo mteja huandika tabia yake. Akaitoa ile karatasi kwa koleo, akaiweka mezani.

“Hii ya nani?”

“Yangu.”

“Haya. Sasa nitakwambia kilichobaki.”

Akachukua mita akapima spika. Spika nzima ya omu 8, ikipimwa imetulia, husoma karibu 6, kwa sababu zile 8 huzipata inapofanya kazi. Boksi la kijana halikusoma kitu, koili ilikuwa imekatika kabisa. La kuazima lilisoma 3, nalo ni baya vilevile, koili imeungua ikajigusa yenyewe. Akaonyesha transista, akaonyesha na matundu ya plagi yaliyoota kijani kwa hewa ya chumvi, akasema hayo mengine yangesubiri, lakini mtu anayeishi kisiwani ayasafishe kabla hayajamfanyia fitina.

Kijana aliuliza kama kichwa kilikuwa kikubwa mno kwa boksi lake, wati 450 kwa boksi la wati 200. Fundi akatikisa kichwa. Ampu kubwa kwa spika ndogo si haramu, alisema, mradi anayeishika ana masikio. Spika hufa kwa njia mbili, koili kuchomwa au karatasi kusukumwa mbali kuliko inavyofika, na zote mbili hupiga kelele kabla ya kuua: sauti huanza kupasuka, kubweka, kupoteza umbo. Ampu ndogo iliyofunguliwa mpaka ikakwaruza usiku kucha nayo huunguza spika. Kinachoua ni mtu anayesikia spika inalia akadhani inaimba.

Matengenezo, pamoja na spika ya watu aliyoiazima, yalikula mapato ya msimu wote. Ami hakumtoa kwenye bendi. Alimpa sharti moja tu, ambalo mimi naliona bora kuliko darasa zima la umeme: wakati wa kujaribu vyombo, besi ipigwe na mtu mwingine, na yeye mwenye besi aingie ndani akakae pale watakapokaa wazee. Asiposikia maneno ya mwimbaji kutoka pale, asianze.

Basi sasa ana utaratibu wake. Akifika nyumba ya mawe hupiga noti zote polepole, kutoka ya chini kabisa kwenda juu, akitafuta ile inayofura. Akiipata hupunguza kitufe cha besi karibu na hezi 60 na kuliondoa boksi konani. Kichwa hukaa robo, mara nyingi chini yake. Nyuma ya kila boksi ameandika omu zake kwa rangi nyeupe, na kebo za spika amezifunga utepe mwekundu zisichanganyike na za gita. Pakiti ya fyuzi za akiba iko mfukoni mwa begi la gita. Penye mikisa kubwa ya ukumbi hupeleka waya kutoka kichwani hadi kwenye mikisa, besi ikasambazwa na spika za ukumbi, yeye akabaki na ya kujisikia mwenyewe tu.

Mahali ambapo hukifungua kichwa hasa ni nje, uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, mji unapokuwa na tamasha. Pale hakuna ukuta wa kuirudisha sauti. Kila umbali unapozidi mara mbili, desibeli 6 hupotea hewani, na noti ya chini ya besi, ambayo wimbi lake lina urefu wa zaidi ya mita 8, huondoka kuelekea Manda bila kuaga. Wati 800, maboksi mawili, omu 4, kebo nene. Ukisimama karibu na gati unaisikia safi, na mwimbaji unamsikia neno kwa neno.

Ni baada ya usiku mmoja wa namna hiyo ndipo kijana mmoja wa Faza, kisiwani Pate, alipompigia simu. Alikuwa ameisikia, akaipenda.

“Kaka, hiyo ampu waweza kuniuzia?”

“Una maboksi?”

“Ninayo manne.”

“Ya omu ngapi?”

Upande wa pili kukawa na kelele za kusogeza vitu. “Nyuma hapakuandikwa kitu. Ni makubwa lakini.”

“Basi yalete kwanza niyapime kwa mita.”

“Sawa,” kijana wa Faza akasema. “Na bei je?”